Ukigonga, Uachiwe

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Arusha, kuhusu kuanza mchezo wa jiu-jitsu ya Brazil



Leo tunazungumza juu ya mchezo ambao wengi wenu mmeuona kwenye simu au televisheni. Watu wawili wamevaa makoti mazito na mikanda. Wanashikana, wanaangushana, halafu wanaendelea kubiringishana chini mpaka mmoja akubali yaishe. Hakuna ngumi wala teke. Mchezo huo unaitwa jiu-jitsu ya Brazil.

Mwalimu wenu amenikusanyia vikaratasi vya maswali, bila majina kama tulivyokubaliana, na nimevisoma vyote. Kimoja kinasema: "Mimi ni mwembamba, bwenini wananionea. Nikijifunza hiyo kitu, nani atanigusa tena?" Kingine kinauliza: "Je, msichana anaruhusiwa?" Cha tatu: "Hiyo si ndiyo roba ya vibaka wa mjini?" Na cha nne kimeandikwa kwa herufi kubwa: "UKIKABWA UKASHINDWA KUPUMUA UNAFANYAJE?"

Aliyeandika cha nne ameshika mzizi wa mambo. Jibu lake ni neno moja: unagonga. Ukigonga, unaachiwa. Mengine yote nitakayosema leo yamejengwa juu ya maneno hayo, kwa hiyo yashikeni.

MCHEZO UMETOKA WAPI?

Mwaka 1882 mwalimu mmoja wa Kijapani, Jigoro Kano, alifungua shule mjini Tokyo. Alichukua mbinu za kale za kupigana bila silaha, akaziweka pembeni zile za kuumiza vibaya, akabaki na zile ambazo vijana wangeweza kuzifanya kwa nguvu zao zote na kesho wakarudi tena mazoezini. Akauita mchezo wake judo. Neno "ju" kwa Kijapani lina maana ya ulaini, yaani kunyumbuka badala ya kushindana nguvu kwa nguvu.

Mwanafunzi mmoja wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alizunguka nchi nyingi akifanya maonyesho, na mwaka 1914 akafika Brazil. Huko, kutoka kwake na kwa wanafunzi wake, familia ya Gracie ikaupata mchezo. Carlos Gracie alianza akiwa kijana wa umri wenu. Mdogo wake, Hélio, alikuwa na mwili mdogo. Hakuweza kumwinua mtu mzito na kumbwaga, kwa hiyo akatilia mkazo mapambano ya chini, mahali ambapo hila na subira hufanya kazi kuliko misuli.

Wewe mwembamba wa bwenini, sikiliza hapa. Mnakumbuka somo la nyenzo? Kuna egemeo, kuna mzigo, kuna jitihada. Fundi mmoja mwenye mtaimbo mrefu huinua jiwe ambalo watu watatu wameshindwa kulisogeza kwa mikono. Jiu-jitsu ni hiyo hiyo. Unapomnyoosha mwenzako mkono, nyonga yako inakuwa egemeo na mkono wake unakuwa mtaimbo. Mwili wako mzima unashindana na kiungo chake kimoja. Ndiyo maana mtu wa kilo 50 anaweza kumfanya wa kilo 70 aombe kuachiwa. Sikusema atamweza siku zote. Uzito ni uzito, na kwenye mashindano watu hupangwa kwa kilo. Ila mwembamba ana nafasi yake.

Hapa kwetu nchini, judo, karate na taekwondo vilitangulia, jiu-jitsu ya Brazil imekuja nyuma yake. Kule Zanzibar Mjapani mmoja, Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia visiwani mwaka 1987, amefundisha judo vijana wengi. Na Mtanzania Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha nchi katika judo kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, tena Paris mwaka 2024. Kwa hiyo ukimpata mwalimu wa judo na hujampata wa jiu-jitsu, usirudi nyumbani na huzuni. Hii ni michezo ndugu. Ingia judo, ujue kuanguka na kushika, na siku ukipata jiu-jitsu hutaanza na sifuri.

SIKU YA KWANZA

Wengi wanaogopa kwamba siku ya kwanza watatupwa katikati ya duara wapigane. Mahali pazuri hapafanyi hivyo. Utavua viatu, utasalimu, utapasha mwili moto, kisha utafundishwa kuanguka.

Ndiyo, kuanguka! Unakunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini. Unajikunja mgongo kama gurudumu. Unapiga mkeka kwa mkono mzima, kiganja mpaka kwapani, ili mshindo usambae. Usijizuie kwa kutanguliza kiganja huku mkono umenyooka, maana hapo ndipo kifundo na kiwiko huvunjika. Somo hili peke yake ni faida hata usipopigana maisha yako yote. Anayeteremka na mkungu wa ndizi kwenye matope ya masika huko Meru analihitaji.

Ila lifanyie kwenye mikeka minene ya mazoezi, si kwenye sakafu ya saruji na si kwenye uwanja wa vumbi wenye mawe. Mahali pasipo na mikeka, somo la kuangushana lisianze.

Jambo jingine ni pumzi. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na wa vijiji vya mlimani mko juu zaidi. Kama umetoka Dar au Tanga kuja kusoma bweni hapa, wiki za kwanza utahema kuliko wenzako. Si ugonjwa, mwili unazoea. Lakini mwenye pumu, kifafa, selimundu au tatizo la moyo aonane na daktari kabla ya kuanza, na mwalimu aambiwe ukweli.

Wanaoanza wana kosa moja la wote: wanabana pumzi na kukaza mwili kama ubao. Dakika mbili tu, wamekwisha. Pumua. Legea. Mtu akikukalia kifuani, kazi yako ya kwanza ni kuvuta pumzi, ya pili ni kulinda shingo, ya tatu ndiyo kutafuta njia ya kutoka.

Na mavazi? Usinunue kitu kwanza. Fulana ya mikono na suruali ya mazoezi isiyo na zipu wala mifuko inatosha, maana vidole hunasa mifukoni na kuteguka. Koti litafuata ukishajua kwamba mchezo umekukolea. Mkanda wa kwanza ni mweupe. Kwa watu wazima hufuata bluu, zambarau, kahawia na mweusi, na wa bluu hauvaliwi kabla ya miaka 16. Kufika mweusi huwachukua wengi karibu miaka 10. Anayekuahidi mweusi kwa miezi sita anataka pesa yako.

KUGONGA NI NINI?

Sasa turudi kwenye herufi kubwa.

Kugonga ni alama ya kusema "basi". Unampiga mwenzako kwa kiganja mara mbili au tatu mahali popote atakapohisi. Mikono ikibanwa, unagonga mkeka kwa mguu. Ikishindikana, unasema kwa sauti "basi!" Anayekushika anaachia hapo hapo. Haongezi kidogo, haulizi kwa nini, hacheki. Mnapeana mikono, mnaanza upya.

Sheria za mwenye kugonga ni mbili. Gonga mapema, kabla ya maumivu makali. Na usione haya. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hugonga mara nyingi kila jioni, na mwenye mkanda mweusi pia hugonga. Mbinu nyingine hazikupi muda wa kusikilizia maumivu. Ile ya kuzungusha kisigino inaweza kuchana goti kabla hujahisi jambo, ndiyo maana kwenye mashindano wenye mkanda mweupe wamekatazwa kuitumia.

Nitawapa mfano wa kiburi. Mwaka 1951, Hélio Gracie alipambana na bingwa wa judo kutoka Japani, Masahiko Kimura, kwenye uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Kimura alikuwa mzito zaidi. Akaushika mkono wa Hélio, akaukunja nyuma ya bega. Hélio hakugonga. Kaka yake Carlos, aliyekuwa pembeni, ndiye aliyesimamisha pambano. Wabrazili wakaiita mbinu hiyo kwa jina la aliyewashinda: Kimura. Wengine wakisimulia habari hii husifu ushujaa wa Hélio. Mimi namsifu Carlos. Aliona ndugu yake ameshindwa kusema basi, akaisema yeye kwa niaba yake.

Kuhusu kabali: inabana mishipa mikubwa iliyo kando ya shingo, ile inayopeleka damu kwenye ubongo. Ikibanwa sawasawa, mtu huzimia kwa sekunde kama 10 tu. Ukiona giza linaingia machoni au masikio yanavuma, umeshachelewa kugonga. Na mwenzako akilegea ghafla mikononi mwako, muachie mara moja, mlaze chali, hakikisha anapumua, ita mtu mzima. Hapumui? Paza sauti upate msaada, na mwenye ujuzi wa huduma ya kwanza aanze kazi wakati usafiri wa hospitali unatafutwa. Akiamka, mazoezi yake yamekwisha siku hiyo, na aonwe na mhudumu wa afya.

Kwa hiyo, jamani, nawaomba: kabali haifanywi bwenini. Mchezo wa "tuzimishane tuone" unaua, na ubongo uliokosa hewa haushonwi kama suruali.

NGOZI, DAMU NA CHAKULA

Kwenye mkeka mtapeana jasho. Je, jasho linaambukiza virusi vya UKIMWI? Hapana. Lakini ngozi kwa ngozi huleta choa, mapunye, upele na majipu. Kinga ni rahisi na haina gharama kubwa:

Kata kucha za mikono na miguu.

Oga kwa sabuni mara baada ya mazoezi. Julai hapa maji ni ya baridi, najua. Oga hivyo hivyo.

Fua nguo za mazoezi kila baada ya kuzitumia, uzianike juani. Taulo yako ni yako peke yako.

Mkeka usafishwe kwa dawa kila siku. Mtu asitoke chooni peku akaingia mkekani.

Ukiona duara linalowasha kwenye ngozi au kipele chenye usaha, baki nyumbani utibiwe. Kujificha ni kuwagawia wenzako.

Damu ikitoka, ya pua au ya mchubuko, mchezo unasimama. Kidonda kinasafishwa na kufunikwa, mkeka unafutwa kwa dawa, anayefuta avae glavu. Uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa njia hii ni mdogo sana, lakini utaratibu ni kwa kila mtu, bila kunyooshea kidole yeyote.

Chakula? Huna haja ya unga wa makopo. Makande, loshoro, ndizi na maharage, dagaa, yai ukilipata, mboga na matunda vinajenga mwili. Kula saa mbili au tatu kabla ya mazoezi, kunywa maji safi. Na ninyi mnaosikia eti mashujaa hujinyima maji ili wapungue kilo: mwili unaokua haufanyiwi hivyo. Shindana kwa uzito ulio nao.

JE, MSICHANA ANARUHUSIWA?

Anaruhusiwa na anaweza. Siku za hedhi pia, kama hana maumivu yanayomzuia. Avae pedi iliyokaa vizuri, na akitaka kupumzika apumzike bila kujieleza mbele ya darasa. Anayefunika kichwa atumie kitambaa kinachobana kisicho na pini. Anayetaka kufanya mazoezi na wasichana wenzake tu, aheshimiwe.

Mchezo huu ni wa kugusana kwa karibu. Kwa sababu hiyo mipaka inatakiwa iwe wazi kuliko mahali pengine. Mkono unakwenda pale mbinu inapotaka, basi. Una haki ya kukataa kufanya mazoezi na mtu fulani. Hata mwalimu akikushika kwa namna inayokukera, gonga, simama, ondoka.

Ukienda kutazama mahali pa mazoezi, nenda na mzazi au mlezi. Kaeni pembeni saa nzima, mtazame haya. Mlango uko wazi au umefungwa? Mtu akigonga, anaachiwa papo hapo au anaongezewa kidogo huku wengine wakicheka? Mwalimu alifundishwa na nani? Wakubwa wanawabeba wadogo kwa upole, au wanawafanya magunia?

Na ishara za hatari ni hizi: mwalimu anakuita mazoezi ya wawili peke yenu, anakupa nauli na zawadi kisha anasema "usimwambie mtu", anakuandikia ujumbe usiku. Hiyo si jiu-jitsu. Mwambie mzazi, mwalimu unayemwamini, au piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na kama mtu amekuingilia kwa nguvu, uwe msichana au mvulana, nenda hospitali haraka, kabla ya kuoga ukiweza na kabla saa 72 hazijapita, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina muda wake. Kosa si lako.

NA ROBA YA VIBAKA?

Umeuliza vizuri. Roba ya kibaka na kabali ya mkekani zinabana mishipa ile ile. Tofauti ni moja: kibaka hakuachii ukigonga.

Ndiyo maana siwadanganyi kwamba miezi mitatu ya mazoezi itawafanya mabingwa wa usiku. Akiwa na kisu, mpe simu. Akiwa na wenzake, mpe simu. Ukipata nafasi ya kuchomoka, chomoka ukimbie kwenye taa na watu. Mtu aliyejifunza jiu-jitsu anajua zaidi ya wengine jinsi shingo ilivyo nyepesi kuharibika, kwa hiyo ana sababu zaidi ya kukwepa ugomvi.

Na wewe unayeonewa bwenini, sikukusahau. Mchezo huu utakupa mwili imara, marafiki, na utulivu wa mtu aliyekaliwa kifuani mara mia na bado anapumua. Hayo huonekana hata kwenye mwendo wako. Lakini ukienda kulipiza kwa kabali, siku hiyo wewe ndiye utakuwa kibaka. Mwambie patroni, mwambie mzazi. Kusema "nimezidiwa, nisaidieni" nako ni kugonga, na wakubwa wanaosikia wana wajibu wa kuja.

Sasa jumlisheni wenyewe. Mkekani tunamfundisha kijana mambo mawili: kusema basi bila haya, na kusikia basi bila ubishi. Wengi hujifunza la kwanza upesi. La pili ndilo gumu, hasa ukiwa juu, una nguvu, unakaribia kushinda na wenzako wanakushangilia. Kuachia wakati huo huo ndiyo kipimo.

Kuna siku utakuwa na mpenzi, au mmekwishaanza kuandikiana barua, msinifiche. Atakayesema "hapana", au "sitaki tena", au atakayenyamaza na kukusukuma kwa mkono, huyo amegonga. Haijalishi mlikubaliana nini jana, haijalishi ulimnunulia chipsi. Umesikia, unaachia. Na wewe ukigonga, mtu akaendelea kubana huku akikuambia anakupenda, umeshajua ni nani. Mwenye kukaba asiyeachia tulishampa jina.

Kazi ya wiki hii: wawili wawili, chukueni nafasi darasani, mmoja amshike mwenzake mkono kwa kawaida tu, bila nguvu. Aliyeshikwa agonge mara mbili. Aliyeshika aachie. Kisha badilishaneni. Halafu jadilini: ni lipi lilikuwa gumu zaidi, kugonga au kuachia? Kwa nini?

Vikaratasi vilivyobaki nitavijibu mmoja mmoja pale nje, chini ya mti.